Fomu ya Tija

Fomu imekuja tena, kurasa saba.
Makala ngapi mwaka huu?
Naandika: moja.
Kisanduku ni kipana. Ile moja imesimama humo
kama mgeni aliyefika harusini siku ya pili.

Hakuna kisanduku cha dizeli.
Hapo ningejaza: sahihi nne,
mhasibu kaenda Kampala, mhuri umo ndani ya droo,
ufunguo wa droo umo mfukoni mwa mhasibu.
Na usiku uleule umeme wa Gulu ukakatika.
Oyat, fundi wa maabara, akaja kwa baiskeli,
kandambili miguuni, tochi mdomoni,
akahamisha vichupa mia mbili na kumi na vinne
hadi kwenye jokofu la bucha ya Ojara,
katikati ya maini na matumbo ya mbuzi.
Majani yetu ya ufuta yakalala salama.
Jina la Oyat halimo katika makala ile.
Nililisahau.
Hapana. Sikulisahau;
sikujua kama linaruhusiwa.

Hakuna kisanduku cha karatasi mia tatu na sitini za mtihani
nilizosahihisha kwenye meza ya jikoni,
mwanangu akiniuliza kama wino mwekundu unauma.

Profesa Tumuhairwe husema kikaoni:
"Kazeni mwendo! Wenzetu wanatupita."
Kweli, wanatupita.
Lakini chungu hukikaripii kikachemka,
unakitafutia kuni.

Basi mwaka huu tulitafuta kuni.
Kila Jumatano asubuhi tulifunga mlango,
simu zote ndani ya sufuria, kifuniko juu,
zikitetema humo kama kumbikumbi.
Ayikoru, mwanafunzi wa uzamili, alisoma rasimu kwa sauti,
na kila ulimi wake ulipokwama
tulijua ni sisi tusioelewa.
Tulifuta kurasa nne.
Za kufutwa nazo, fomu haizihesabu.

Kisha tukarudi Omoro kwa Mama Lamunu,
aliyetuachia shamba lake misimu miwili
na kutuuliza misimu yote miwili:
"Waliowatangulia walibeba udongo wangu kwa mifuko.
Ulisema nini huko ulikokwenda?"
Safari hii tulimsomea matokeo, kwa Kiacholi,
mstari kwa mstari. Alisikiliza huku akipepeta.
"Hilo nalijua.
Hilo nalijua tangu kwa mama yangu.
Hilo—"
ungo ukasimama hewani—
"la kuanza kupalilia upande wa kinamasi,
kabla nondo hajataga,
hilo sikulijua. Rudia."

Nikarudia.
Oyat akachora kalenda kwa mkaa
nyuma ya gunia, na Mama Lamunu akamsahihisha:
mvua ya kwanza haiji hapo, inakuja hapa.
Alikuwa sahihi. Ayikoru akaandika.

Sasa ni saa sita usiku, ukurasa wa saba.
Maoni mengine, kama yapo. Mstari mmoja.
Naandika: Oyat Walter, fundi.
Naandika: dizeli.
Naandika, herufi zikibanana hadi ukingoni:
tuliambiwa turudie.
Mstari umejaa.
Naambatisha karatasi nyingine,
ingawa maelekezo yanakataza.