Sindano

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri,
treni inapita juu ya White Plains Road, vioo vinatetemeka,
nasi tumeketi viti vya jirani, mimi na Lamont Ogilvie,
mikono wazi, mishipa imetuna kama nyaya za spika.
Nesi Altagracia anatuchoma sindano.
Mashine inazungusha damu,
inaichuja, inairudisha,
na mimi kila mara nafikiria santuri:
sindano ikishuka, kile kimya kifupi chenye mikwaruzo,
kisha ngoma.

Mwezi wa kwanza hatukusalimiana.
"Huyu bwana zamani alikuwa maarufu," nesi alininong'oneza.
Najua, nikamwambia.
Nilikuwepo kabla hajawa mtu.

Kiangazi cha themanini na saba, Bronx,
chumba cha kufulia nguo, jengo la tisa:
tulichomeka mitambo kwenye soketi ya mashine ya kukaushia,
wavulana saba na mimi,
na daftari langu la hesabu, jalada la kijani,
mistari yangu ikianzia ukurasa wa nyuma.
Lamont alilisoma mara moja. Moja tu.
Kichwa chake kilikuwa sumaku.
Baridi ilipoingia nikausikia ubeti wangu redioni
ukitoka kinywani mwake
umevaa koti la ngozi.
Mama aliacha kupiga pasi.
"Si ndiyo yale maneno yako ya bafuni?"

Yeye akapata mkufu mzito kama kufuli la duka.
Mimi nikapata leseni: basi la shule namba mia moja kumi na nne,
miaka ishirini na sita.
Watoto wa viti vya nyuma walikuwa wakiuchana ubeti ule
na kila siku wanakosea mstari wa tatu,
kwa sababu yeye aliukosea studio
na hakuna aliyekuwa na daftari.
Nilivumilia mwaka mzima.
Siku moja nikasimamisha basi, taa nyekundu zikiwaka,
magari yamepanga foleni nyuma yetu yakipiga honi,
nikawarekebisha.
Wakanitazama kama kiti kimesema.

Leo Lamont kaanza mwenyewe, macho kwenye dari.
Mkufu uliuzwa, ukamzika kaka yake.
Mwanawe hapokei simu.
Jumamosi ameitwa kuchana kwenye meli ya watalii,
mbele ya watu wanaokula kamba kwa uma.
Akanyamaza. Mashine ikazunguka.
"Chelle, ubeti wa pili umenitoka."

Ningeweza kufumba macho.
Wengi hulala hapa, hakuna anayeshangaa.

*Mama kanipa penseli, kasema chonga dunia,*
*nimechonga jengo hili, ghorofa zake na njia,*
*na ngazi za giza kali, mbili mbili narukia,*
*mkinizimia taa, mimi ni umeme pia.*

Akarudia polepole, kidole kikigonga mkono wa kiti,
akafika ngazini: "...moja moja nashukia."
Mbili mbili, nikasema. Narukia.
Nani jengo la tisa alikuwa na muda wa moja moja?
Akacheka hadi mashine ikalia, nesi akaja mbio.
"Siku hizi ni moja moja, Chelle.
Tena nashika ukuta."

Hakuomba radhi. Niliingoja, sitaficha,
niliingoja hadi plasta ya mwisho,
tukiwa tumebana pamba kwa vidole, dakika kumi,
kama watu wawili wanaoapa.

Jumatatu iliyofuata alikuja na daftari.
Jalada la kijani. Bei bado imebandikwa.
Akaliweka mapajani mwangu, akatazama runinga,
habari za hali ya hewa, kwa bidii kubwa.
Nikaazima kalamu ya nesi.
Mkono wa kulia ndio wenye sindano,
basi nikaandika kwa kushoto, hati ya mtoto wa darasa la kwanza:
jina langu,
kisha nikamuuliza Lamont
leo tarehe ngapi.