Chenji ya Usiku Mmoja

Zamani droo hii ilikuwa na fedha.
Noti zenye jasho la kifuani, sarafu zilizofunguliwa kwenye pindo la khanga,
na kitabu cha stakabadhi chenye kaboni ya buluu
iliyonipaka vidole hata sabuni ikakata tamaa.
Sasa ina stepla, nusu ya biskuti,
na ufunguo wa kabati lisilofungwa.
Fedha hatushiki tena.
Mimi natoa namba.

Tarakimu kumi na mbili. Kontroli namba.
Nazisoma mbili mbili, polepole,
kama anayemhesabia mgonjwa vidonge.

Jumatano ile Kondo alikiri saa nne na robo.
Viatu vya mitumba, hifadhi ya barabara, Buguruni.
"Ni kweli, mheshimiwa."
Hakimu hakupandisha sauti:
elfu themanini, au miezi mitatu.
Lile "au" ndilo neno fupi kuliko yote jaladani,
na ndilo pekee lenye mlango.

Mkewe, Zamoyoni, alitoka mbio na ndala moja mkononi;
ilikatika ukanda ngazini, hakusubiri.
Nilijua njia yake, maana wote hupita hiyo hiyo:
kwa mweka hazina wa kikoba,
kwa shemeji wa Vingunguti asiyepokea simu,
kwa jirani anayekopesha na kutangaza.

Saa nane na dakika arobaini akarudi.
Akalimwaga kopo la maziwa ya unga mezani kwangu.
"Hesabu, kaka karani."
Sikuhesabu. Nilimwonyesha bango ukutani.
Sarafu moja ya mia mbili ikaviringika,
ikazama kwenye ufa wa sakafu.
Tuliitazama sote wawili, kwa adabu,
kama watu wanaomsindikiza mgeni.

Wakala yuko ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli, Ngonyani,
kijana mwema, lakini salio lake siku hiyo lilikuwa limekauka.
"Mama, nipe nusu saa nikope kwa mwenzangu."
Nusu saa!
Karandinga halina nusu saa.
Lina orodha, na dereva ambaye hajala.

Dirishani nilimwona Kondo akipandishwa,
pingu moja yeye na kijana wa kesi ya betri,
akigeuka geuka kama aliyesahau kitu sokoni.
Mlango ulibamizwa mara mbili;
mara ya kwanza huwa haushiki.
Segerea.

Saa tisa na dakika sita simu ya Zamoyoni ikatetemeka.
Ngonyani alijazia ile mia mbili, hakusema.
Akanionyesha kioo:
Malipo yako yamepokelewa. Asante.

Nilichapa hati ya kumtoa. Nikapiga mhuri.
Lakini hakimu alishaondoka,
na sahihi yake hufika saa mbili na nusu asubuhi.

"Kwa hiyo kesho atatoka."
"Atatoka."
"Na usiku wa leo?"
Nikapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.
"Nimelipa ili asilale kule. Akilala, amelipa mara mbili.
Nipe chenji."

Miaka kumi na tisa kwenye meza hii
nimeombwa punguzo, nimeombwa awamu,
kuna mzee aliyetaka kuacha jino la dhahabu.
Chenji ya usiku, sijawahi.
Nikafungua mfumo, kwa aibu tu, nionekane natafuta.
Pana kisanduku cha marejesho.
Kinataka kiasi.
Saa kumi na saba na ushee za mtu
ni shilingi ngapi?
Kisanduku hakipokei maneno.

Akaondoka, ndala mkononi,
akiuliza mlinzi nauli ya Segerea.

Nilipobaki peke yangu nilipiga magoti,
nikaichokoa ile mia mbili kwa ncha ya rula.
Imo humu droo hadi leo.
Kwenye vitabu vya Serikali haimo.
Kila nikivuta kutafuta stepla
inaviringika, inagonga mbao,
inadai.