Manjano, Kidato cha Tatu B

Saa nane mchana, Chumbageni.
Bati linatoa jasho, na sisi pia.
Arobaini na saba, na makande ya adhuhuri
yamewakamata shingo mmoja mmoja.
Wiki tatu nimeimba ubaoni:
besi hubadili litmasi nyekundu kuwa buluu.
Litmasi yenyewe iliisha enzi za Mwalimu Shemdoe.
Wameikariri rangi wasiyoiona,
kama kipofu anayesimuliwa mwezi.

Leo nimepitia Mgandini
nikanunua manjano ya mia tano,
ndimu mbili, na magadi yaliyofungwa kwa gazeti.
Karatasi nimeipaka, nimeianika dirishani.
Sikusema neno. Nikachovya pamba kwenye maji ya magadi,
nikaandika: BESI.

Herufi zikatoka nyekundu.
Nyekundu mbichi, ya bucha.

Mbwana, ambaye namjua kisogo kuliko uso,
akainua kichwa: "Mwalimu, umechinja nini?"
Madawati yakakwaruza sakafu. Wa nyuma wakapanda viti.
Nikakamua ndimu juu ya B, B ikarudi njano,
darasa likalipuka kama Coastal wamesawazisha dakika ya tisini.
"Rudia! Rudia!" Nikarudia.
Vidole vyangu njano tupu,
mwari wa singo mwenye ndevu.

Ndipo Mwantumu Kilua,
ambaye sauti yake naisikia kwenye mahudhurio tu,
akasimama.
"Dada yangu alisingwa siku tatu.
Shuka alilolalia lilikuwa njano hivi hivi.
Mama akalifua kwa sabuni ya mche, likawa vile,"
akazionyesha herufi.
"Shangazi akasema ni damu, kuna mkono wa mtu.
Tukaenda kwa mganga. Mbuzi wawili.
Shuka likazikwa usiku."

Kimya. Bati peke yake lilikuwa likisema.

"Kwa hiyo, Mwalimu, ilikuwa sabuni?"

Nilikuwa na jibu la kitabu,
lenye mshale katikati na alama za kujumlisha.
Sikulitoa. Nikampa pamba.
Akachovya, akaandika jina la dada yake,
Mwanahamisi, kwa herufi kubwa.
Likaiva, jekundu.
Akalitazama mpaka lilipokauka.

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka.

Aliomba nusu ya ndimu iliyobaki,
akaifunga kwa karatasi aliyoichana daftarini,
ukurasa wa litmasi, nadhani.
"Nampelekea shangazi," akasema.