Dawa ya Meno

Jumatatu fundi Mringo aliniambia kesho.
Alhamisi akaniambia yuko njiani, anapita Kiboriloni,
na nyuma ya sauti yake nilisikia kijiko kikigonga kikombe.
Basi nikashuka mwenyewe Mbuyuni,
nikanunua kilo mbili za poda ya jipsam,
msasa mmoja mkali kama ulimi wa paka, mwingine laini,
na kipande cha wavu, upana wa kiganja.
Muuza duka akauliza, "Fundi wako yuko wapi?"
"Ndiye huyu unayempa chenji."

Ukuta wenyewe si wa kujivunia.
Marehemu Ndewirwa aliusimamisha kwa siku mbili
ili sebule izae chumba.
Ukiugonga unajibu kama debe lenye unga kidogo.
Ukilifanyia tofali ubaya, linanyamaza.
Jipsam hubaki mdomo wazi.

Nilianza na matundu ya misumari.
Hapa ilikaa kalenda ya Saccos, miaka saba, msumari uleule.
Hapa picha ya kipaimara.
Hapa saa, iliyokwenda mbele dakika tano kwa makusudi.
Haya ni madogo: unachovya kidole, unaziba, unapangusa,
kama mtoto mwenye makamasi.
Nyuma ya mlango kitasa kilikuwa kimejichimbia kitobo
cha duara, kamili kama sarafu.
Nikakata kingo zilizolegea, nikabandika wavu,
nikapaka, nikangoja.
Poda ikikauka hunywea. Hakuna aliyekuwa ameniambia hilo.
Unalala umemaliza, unaamka kuna kibonde.

Halafu nikabandua bango la timu yake.
Elinami yuko Kahama, mgodini, mwezi wa nne sasa,
na chumba kinangoja mpangaji.
Chini ya bango: ngumi.
Vifundo vinne, vinahesabika,
kwenye kimo cha bega la kijana wa miaka kumi na saba.
Siku yake niliijua palepale.
Matokeo ya kidato cha nne yalitoka saa tano,
mwaka wetu wa kwanza bila baba yake,
na saa saba alikuja mezani amevaa soksi mkononi.
"Nimejikata na kopo."
Nikamwambia, "Kula."

Miaka sita imepita, na bado nilikuwa tayari kugomba,
skrepa mkononi, chumba kitupu.
Lakini ndani ya shimo kulikuwa na kitu cheupe.
Nikakikwangua. Nikanusa.
Mnanaa, kwa mbali.
Dawa ya meno, na gazeti lililosokotwa,
na juu yake mgongo wa kijiko, alivyojaribu kulainisha.
Sisimizi walikuwa wamepita humo, wakaacha njia zao.

Mwezi ule tyubu iliisha kwa siku nne.
Nikanunua nyingine, ikaisha.
Nilisimama pale mlangoni nikamuuliza
kama anapiga mswaki au anakula,
kama anadhani baba yake ametuachia kiwanda.
Akasema, "Samahani, mama."
Basi.

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.
Kazi yake haikuwa mbaya. Kingo alizikata sawa.
Alikosa wavu tu,
na mtu wa kumwambia kwamba hunywea.

Nikachokonoa yote, maana ndivyo inavyotakiwa.
Wavu, poda, ngoja, msasa, poda.
Vumbi likanikaa kwenye nyusi.
Jioni nikampigia simu. Amekula. Baridi hakuna huko.
Nikamuuliza dawa ya meno Kahama ni bei gani.
Akanyamaza,
nikasikia mtambo mmoja ukizimwa,
halafu kicheko cha baba yake, kile cha puani.
"Ule ukuta, mama. Ulishika?"
"Haukushika."

Jumamosi, rangi ya pili ikiwa bado mbichi,
fundi Mringo akabisha hodi, ndoo mkononi, kofia kichwani.
Akapitisha kiganja, polepole, kutoka swichi hadi dirisha,
akarudi, akasimama mahali palepale.
"Nani amekufanyia hii?"
Nikamwambia, "Tulikuwa wawili."