Chumba cha Nne

Sheria ya kazi yetu: mgonjwa akisema "mimi",
nami niseme "mimi".
Basi Jumanne ile, Hull, mvua ikipiga dirisha kiubavu,
nilikuwa na miaka sitini na saba,
nimekatwa utumbo mpana sentimita ishirini na mbili,
na sijawahi kulazwa hata kwa malaria.

Daktari Hesketh akageuza karatasi.
Tezi limfu kumi na tisa zimetazamwa kwa hadubini,
mbili zimekutwa na ugonjwa.
Mbili, nikasema. Mzee Wilondja akainua vidole viwili,
akavitazama kama vya mtu mwingine.
Kingo za mkato ni safi: jema.
Mshipa mdogo wa damu umeingiliwa: si jema sana.
Utumbo haukutoboka kabla ya kisu: jema.
Sigara?
"Niliacha kambini Nyarugusu. Bei ilipanda."

Kisha likaja neno lile.
Wao wanalo moja, la kukunja na kutia mfukoni.
Mimi nikapekua: utabiri? Huo ni wa mvua na waganga.
Matarajio? Yamevaa nguo za harusi.
Hatima nikaimeza.
Nikasema: "Anataka kukueleza ugonjwa unaelekea wapi,
nini kinausukuma, nini kinauzuia."
Maneno mengi kwa neno moja; malipo ni yaleyale.

"Katika watu mia walio kama wewe,
sitini na kadhaa huwa hai baada ya miaka mitano."
Mzee akakaa kimya. Kisha:
"Hao wengine, wanajijua?"
Nikalivusha swali. Daktari akaweka kalamu mezani.
"Hapana. Hata mimi siwajui."
Akauliza: nyumbani unaishi na nani?
"Na redio. Jumapili, mjukuu."
Hilo nalo akaliandika, chini ya zile tezi mbili,
kwa mwandiko uleule.

Ukumbini mzee akanishika mkono wa koti:
"Na wewe, mwanangu, ungeniweka upande gani?"
Nje ya chumba sina ruhusa ya mdomo.
Nikambonyezea lifti. Tukashuka pamoja,
tukitazama namba.

Nyumbani, juu ya friji, bahasha ya kipimo cha choo
imelala tangu Machi, nilipotimiza hamsini.
Niliifunika kwa kalenda, kisha kwa bili ya gesi.
Usiku ule nikaichana.
Kijiti chenyewe chembamba,
hakizidi njiti ya kiberiti.