Kufuta Mawe

Shati lako la bluu, Pan-dol, nimelimaliza leo.
Nilianza na mkono wa kulia, ule wenye kiraka,
nikaja mgongo, nikamalizia ukosi.
Vifungo nilivikata kwanza. Vitano vimo mfukoni;
cha sita ulikipoteza mwenyewe, ukanilaumu mimi.

Kazi yenyewe ni hii: unachuchumaa,
unaokota jiwe, unalifuta, unaliweka kushoto,
unaokota jingine.
Kijana mmoja wa chuo, kutoka Daejeon,
aliuliza ufuo huu wa Gaemok una mawe mangapi.
Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi
alikuwa haulizi kitu, anafuta tu,
midomo imepasuka kwa baridi.

Harufu ndiyo iliyotangulia.
Tulidhani tangi la Mal-rye limevuja,
tukatoka na tochi kwenda kumwamsha,
naye akatoka na yake kuja kutuamsha sisi.
Kisha nikasikia, au tuseme sikusikia:
mawimbi yalikuwa yanafika bila sauti,
mazito, yanajilaza juu ya mawe
kama blanketi lililolowa.
Miaka hamsini na miwili nimelala kando ya bahari hii,
sijawahi kuiona imefumbwa mdomo.

Meli ina bendera ya nchi ambayo nahodha hajafika.
Mwenye meli yuko kwingine, mwenye shehena kwingine,
mwenye bima ametuma barua ya kurasa kumi na tisa
na neno "chaza" halimo.

Nguo zinaletwa kwa malori, nchi nzima imefungua makabati:
sare za shule, nepi, pajama za hospitali,
koti la suti lenye kadi ya harusi mfukoni.
Kikulacho ki nguoni mwako;
huku nguo ndiyo inayokula,
inakula weusi hadi inashindwa, inatupwa guniani.

Jana usiku tuliitwa ukumbini mwa shule.
Afisa alitandika ramani, akaiwekea vikombe pembeni isijikunje.
Mmoja akasema bomba, lizikwe chini, meli zikome.
Gil-yong wa vitunguu saumu akaruka:
lipite wapi, juu ya kaburi la mama yangu?
Mwingine akasema treni; akajibiwa treni nayo huwaka.
Mwalimu akasema tuache mafuta kabisa,
tukapiga makofi, kwa sababu anapendwa.
Ndipo mwanao Tae-sik akasimama, bado ana glavu za kazi:
"Mimi ndiye niletaye mafuta ya taa majumbani mwenu.
Nani hapa analala juu ya sakafu baridi? Anyooshe mkono."

Hita ya ukumbi ikanguruma peke yake.
Nikatazama soksi zangu.

Mwiba wa kujidunga hauna pole, najua.
Lakini mimi sikukodi meli kuukuu, ubavu wa ngozi moja,
ili kubana senti. Mimi nilinunua lita ishirini,
tena nyingine zimebaki tangu mwezi uliopita.
Kuna mwiba na kuna msumari, Pan-dol,
na mkono ulioshika nyundo si huu wangu.
Hivyo ndivyo nilivyojiambia njiani.
Sakafu ilinisubiri, vuguvugu, kama inayonijua.

Asubuhi Tae-sik alirudi na lori,
akavuta mpira hadi nyuma ya nyumba,
karibu na mitungi ya kabichi.
"Nijaze, mama?"
Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi.
Nikavigusa vifungo, kimoja kimoja, vyote vitano.
Nikasema, nusu.