Thelathini

Kipande cha babu nimekikuta kwenye mkebe wa chai,
pamoja na vifungo viwili vya shati na jino.
Miraba thelathini, kila mmoja siku.
Ukimaliza ngwe yako, nyapara anatia alama;
usipoimaliza, jua la siku hiyo umelibeba bure,
na mshahara hauji
mpaka mraba wa mwisho ujae.
Mahali pa jina wameandika 812.

Aliitwa Ntabaye. Alitoka Kasulu kwa treni
akiambiwa miezi tisa, halafu kwao.
Yuko Ngomeni hadi leo, nyuma ya kambi,
chini ya mkonge uliojiotea.

Manamba. Jina hilo bado lina makali
mtu akikurushia sokoni Muheza.

Baba hakuwa na namba. Baba alikuwa mwananchi.
Siku mashamba yalipotwaliwa alicheza hadi viatu vikafumuka,
navyo vilikuwa viatu vyake vya kwanza;
mama alikuwa akisema usiku ule alivililia viatu
kuliko alivyolifurahia shamba.
Letu, aliniambia,
akichomoa miiba kiganjani kwa pini: hili sasa letu.
Kisha huko ng'ambo wakazoea kamba za plastiki,
na kilichokuwa chetu kikakosa mnunuzi.
Korona ikanyamaza
(si ule ugonjwa. Sisi korona tunaijua tangu zamani,
ni mashine, inakula jani inatema singa,
na vidole vitatu vya Semng'indo ilikula pia).
Barua ikaja: mtalipwa mafao.
Baba akaihifadhi isilowe
ndani ya mfuko wa plastiki. Hata hakucheka.
Alikwenda Tanga mjini mara kumi na moja, dirisha la tatu.
Mara ya kumi na mbili nilikwenda mimi, na cheti cha kifo,
wakaniuliza mbona hakuja mwenyewe.

Sasa ni mimi.
Mkulima mdogo, ndivyo fomu inavyoniita.
Heka sita za kukodi, ndani ya shamba lilelile.
Sina nyapara. Nina afisa.
Nakata, nafunga: majani thelathini, fungu moja,
thelathini, fungu,
thelathini,
mpaka utomvu unawasha hadi kwenye ndoto.

Bei imepanda, hata redio imesema.
Karatasi yangu ya malipo inaanza vizuri sana,
mstari wa juu ungeweza kuoa.
Halafu makato: kusomba, korona, brashi, ghala,
ushirika, miche, riba ya miche,
na kitu kiitwacho "mengineyo" ambacho kinakula kuliko wote.
Chini kabisa, pa kubaki, pana kistari na tarakimu:
nadaiwa.
Karani ni kijana mpole, naye ana miezi miwili hajalipwa.
"Uchumi unakua, mama," akasema, kama anayetoa pole.
Nikamuuliza unakulia mtaa gani,
nihamie.

Marobota yanashuka bandarini, meupe kama mvi zilizooshwa.
Nimesikia huko yanakokwenda
wanazungushia singa kwenye vigogo, ndani ya nyumba,
paka wapate pa kunolea kucha.
Sina ugomvi na paka.
Ila nimewahi kuamka usiku wa manane
nikamfikiria mmoja, mnene, ameshiba,
anakwaruza, anakwaruza,
jasho langu la mwezi wa tatu.

Mjukuu wangu Stumai amekiona kipande mezani.
Amehesabu kwa kidole. Ishirini na tisa zina alama,
mraba wa mwisho mtupu.
"Bibi, siku hii aliumwa?"
Sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia.
Akachukua kalamu yake ya shule amalizie,
nikamshika mkono.
"Acha," nikasema, "huo uache hivyo hivyo,"
na nilitaka kumweleza kwa nini,
lakini uji ulikuwa unafurika.